Muungwana wa Ujiji: neno la mabwana lililochukuliwa na watumwa

Pwani ilikuwa na jibu la haraka kwa aliyeuliza nani muungwana: mtaje baba yako, umtaje na babu yako, kisha useme mnakaa mtaa gani. Lamu, Pate, Unguja na Bagamoyo, muungwana alikuwa mtu wa nasaba inayojulikana, ambaye yeye na wazee wake hawakuwahi kuwa mali ya mtu. Adabu, mavazi, dini na kupima maneno vilifuata nyuma ya damu. Waliobaki walipangwa chini yake, kila kundi na jina lake. Mtumwa aliyeletwa juzi kutoka bara aliitwa mjinga, yaani mgeni asiyejua mambo ya mji. Mtoto aliyezaliwa pwani na wazazi watumwa aliitwa mzalia, naye alijiona bora kuliko mjinga kwa sababu alikua akisema Kiswahili. Hata aliyeandikiwa hati ya kuachwa alihesabiwa kuwa huru, basi. Uungwana ulikuwa kitu kingine, na hakuna hati iliyoutoa. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliieleza jamii hiyo ya Bagamoyo, mabwana na watumwa wake, katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903.

Kwa hiyo mwalimu anapomwambia mwanafunzi mjinga kwa kukosa hesabu ya kugawanya, anatumia neno lililokuwa likitumika kwenye soko la watu. Waingereza wana ndugu zake. Villain, jina la mtu mwovu katika sinema zao, awali lilimtaja mkulima wa shamba la bwana. Slave limetokana na Waslavi wa mashariki ya Ulaya, waliouzwa kwa wingi hata jina la taifa lao likawa jina la hali yao. Na gentleman alianza kuwa mtu wa ukoo, maana gentle lina mzizi wa Kilatini unaohusu ukoo na uzawa. Mlevi na mdhulumaji angeweza kuwa gentleman mradi baba yake anajulikana. Ilichukua karne kadhaa neno hilo lifike kwa mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alilieleza neno muungwana kwa maana mbili zilizosimama bega kwa bega: mtu huru, na gentleman.

Kwetu neno lilifanya safari hiyo kwa muda mfupi zaidi, na waliolibeba hawakuwa washairi wala makasisi. Walilibeba wapagazi na watu wa bunduki, kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika.

Mchukue Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyaoni, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyempeleka ng'ambo. Bwana wake alipofariki aliachwa huru, akarudi Unguja. Hata jina alilojulikana nalo lilikuwa la mji wa watu wengine. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walimwajiri mwaka 1857, na Speke alimpenda kwa sababu wote wawili waliweza kuongea Kihindustani. Februari 1858 walifika Ujiji. Bombay alirudi tena Ujiji na mwandishi wa habari Henry Stanley mwaka 1871, akarudi tena mwaka 1874 na Verney Lovett Cameron, na safari hiyo hawakuishia ziwani. Walitembea mpaka bahari ya Atlantiki. Mtu aliyewahi kuuzwa alivuka bara kwa miguu kutoka pwani hadi pwani, na Jumuiya ya Kijiografia ya London ilimtunukia medali ya fedha na baadaye pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Kwa kanuni ya Lamu, Bombay alianguka kwenye swali la kwanza. Nani baba yako? Lakini msafarani alikuwa muungwana, na hakuna aliyemcheka.

Stanley aliandika Wangwana, bila ile u, na kwake lilimaanisha karibu kila mtu wa msafara aliyetoka Unguja. Mwaka 1874, kwa hesabu yake mwenyewe, aliondoka pwani na watu zaidi ya 350. Ndani ya kundi hilo walikuwemo waliozaliwa huru, walioachwa huru, na wengine ambao kisheria walikuwa bado watumwa, mabwana wao wamekaa Unguja wakisubiri sehemu ya mshahara. (Neno kibarua lilizaliwa katika mazingira hayo hayo: lilikuwa karatasi ndogo aliyopewa mtu wa kukodiwa, kisha likawa jina la mtu mwenyewe.) Stanley alipofika Ujiji mwaka 1876, ndui ilikuwa imeingia mjini, na baadhi ya waungwana wake wakatoroka. Waliobaki walimfuata hadi Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo, Agosti 1877. Watu hao wote, awe mzalia, awe mjinga wa miaka mitano iliyopita, walijiita kwa neno moja.

Kwa nini? Sababu moja unaiona ukitazama jinsi msafara ulivyoingia mjini. Hakuna aliyeingia Ujiji kama alivyolala porini. Mzigo wa nguo nzuri ulifunguliwa kabla ya nyumba za mji kuonekana, watu wakavua matambara, wakavaa nguo nyeupe na kufunga vilemba. Bendera ikatangulia. Kisha baruti: bunduki zikapigwa hewani kwa mafungu, moshi ukatanda, na wenyeji wakatoka mbio kuona nani amekuja. Novemba 1871, kwa hesabu aliyoitoa Stanley mwenyewe, msafara wake uliingia hivyo hivyo. Tunakumbuka sana salamu aliyompa mmisionari David Livingstone. Tunasahau kwamba mtu wa kwanza kumkaribisha alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetokea katika umati akiwa na kanzu ndefu nyeupe na kilemba cha merikani, akamwamkia kwa Kiingereza. Merikani ilikuwa kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Marekani, na ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Susi wa Shupanga, mto Zambezi, alikuwa amejifunga fedha kichwani. Mbele ya mgeni yule wa Kizungu alikuwa muungwana kamili, na hakuhitaji kutaja nasaba.

Ujiji wenyewe ulikuwa mahali pazuri pa kujipa jina. Nchi ilikuwa ya Wajiji na watemi wao wa Kiha. Wavuvi walileta samaki, chumvi ilitoka Uvinza, mawese yalitoka ng'ambo na kandokando ya ziwa, na sokoni walilipana kwa shanga za sofi zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, alijenga heshima yake kwa biashara na kwa kuoa katika nyumba ya mtemi, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 akapandisha bendera ya Sultani Barghash. Watu wa pwani walijenga nyumba za pembe nne zenye baraza, tofauti na misonge ya wenyeji. Sasa jiweke mahali pa mama Mjiji anayeuza dagaa sokoni. Mbele yake anasimama Mwarabu wa Oman, nyuma yake mzalia wa Bagamoyo, na nyuma ya huyo kijana aliyenunuliwa mwaka uliopita. Wote watatu wana kanzu, wana Kiswahili, na mmoja au wawili wana bunduki. Tofauti zilizomuumiza mtu kichwa Lamu, kwake hazikuwa na kazi. Wote ni waungwana, watu wa pwani.

Mwanahistoria Philip Gooding, aliyechapisha mwaka 2022 kitabu kuhusu ziwa hili katika karne ya 19, ameandika kwa kirefu juu ya watu hao. Hoja yake ni kwamba wengi waliojiita waungwana kandokando ya Tanganyika walikuwa chini ya mabwana, lakini walilichukua neno hilo ili kudai heshima iliyokatazwa kwao pwani. Kumwita mmoja wao mtumwa ilikuwa tusi. Bwana mwenye akili hakulitumia, kwa sababu huyo aliyetukanwa ndiye aliyeshika bunduki inayolinda pembe za ndovu, na mlango wa kutorokea ulikuwa wazi pande zote. Ajira ilimpa mtu nguvu ambayo sheria ilimnyima. Mimi naona hapo ndipo neno lilipovunjika na kuungwa upya. Ilipofika wakati bwana anamwita mtumwa wake muungwana kwa sababu anamhitaji, damu haikuwa tena na la kusema.

Lakini tusilipambe. Heshima ile ililipiwa na watu wengine.

Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, siku ya soko. Wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani walifyatua bunduki katikati ya umati, wengi wakiwa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Waliokimbilia mitumbwi walizama, na waliokufa walikuwa mamia. Livingstone alivunjika moyo, akageuka kurudi Ujiji, akafika Oktoba akiwa hoi, na hivyo ndivyo Stanley alivyomkuta. Kuna kijana aliyetekwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, akavushwa, akafundishwa bunduki na Kiswahili, na baada ya miaka michache akarudi kule kule kuteka wengine huku akijiita muungwana. Ngongo Lutete aliwahi kuwa mtumwa kabla ya kuwa jemadari mkubwa wa mfanyabiashara Tippu Tip upande ule, na alipokamata madaraka hakuwahurumia waliokuwa kama yeye. Uungwana wa Ujiji ulikuwa ngazi, na kila aliyepanda alikanyaga bega la mtu.

Wajerumani walijenga kituo chao Ujiji mwaka 1896. Walichelewa sana kuugusa utumwa. Amri yao iliwapa uhuru watoto waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905, wazazi wakabaki walipo. Ni Waingereza, mwaka 1922, waliotunga sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika. Unguja hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897, na pale wanawake ndio walioonyesha haraka kilichobadilika: waliweka kando kaniki, nguo nyeusi ya watumwa, wakavaa kanga za rangi. Hakuna aliyehitaji kusoma sheria kujua kwamba mpangilio wa zamani umekwisha.

Hapo neno muungwana likapata tatizo. Kama maana yake ni asiye mtumwa, na watumwa hawapo, linamtenga nani na nani? Ama life, ama litafute kazi nyingine. Pwani, tangu karne ya 19 chini ya masultani wa Oman, lilikuwa limeshaanza kupokonywa nafasi na neno ustaarabu, lenye Uarabu ndani yake wazi. Baada ya hapo kila upande wa ziwa ukaamua kivyake.

Ng'ambo, Kongo, Wabelgiji walipigana na watu wa Tippu Tip kati ya 1892 na 1894. Rumaliza, bwana mkubwa wa mwisho wa Ujiji, alishindwa huko. Washindi waliwafukuza mabwana lakini wakabaki na lugha yao, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikitumika kutoka ziwani hadi Kisangani. Wakaiita Kingwana, lugha ya waungwana, na mwaka 1928 wamisionari wakachapisha kitabu cha sarufi yake kwa Kifaransa. Mungwana mwenyewe akawa Mwislamu wa Kasongo au Kirundu, yule ambaye serikali ya Wabelgiji ilimwita mwarabu wa kuiga na kumtazama kwa jicho la wasiwasi. Kwa hiyo upande mmoja wa maji neno lilikuwa jina la dini na la lugha. Leo Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Chiluba. Shuka Kibirizi, Kigoma, siku boti za ng'ambo zinaposhusha mizigo utakisikia: batu badala ya watu, bintu badala ya vitu. Yupo Mtanzania atakayecheka na kusema hicho si Kiswahili. Kina ukoo mzuri kuliko anavyodhani, maana kilivuka ziwa kutoka hapo hapo anaposimama.

Upande wetu, waliokuja Ujiji kama mateka walibaki. Wamanyema wa Ujiji leo ni wenyeji kama mwenyeji mwingine yeyote, na jina ambalo karne ya 19 lilitajwa kwa dharau na hofu sasa linabebwa kwa fahari hadi Dar es Salaam, ambako kuna Msikiti wa Manyema. Mtu wa Kigoma anayesimamishwa njiani na kuulizwa kama kweli ni Mtanzania, lalamiko ambalo limefikishwa hadi bungeni, anaulizwa lile swali la zamani la pwani kwa maneno mapya: nani baba yako, na alitoka wapi? Kigoma, mwisho wa reli, ina historia ndefu ya kulijibu, na jibu lake daima limekuwa kwamba mtu ni wa hapa kwa namna anavyoishi hapa.

Kuna jambo moja la kuchekesha, na sijaona likisemwa. Karne ya 19, mtu wa Ujiji mwenye kanzu aliweza kuitwa muungwana au Mswahili, na majina yote mawili yalimpa sifa. Bujumbura, mtaa wa Buyenzi bado una sifa ya kuwa wa Waswahili. Lakini katika Kiswahili cha Tanzania majina hayo mawili yakaachana njiani. Muungwana akapanda: timu ikikubali kushindwa bila fujo watangazaji husema imecheza kiungwana. Mswahili akashuka: usiniletee Uswahili, maana yake usinizungushe, na uswahilini ni mtaa wa vichochoro ambako mwenye pesa hataki kukaa. Mmoja alirithi tabia njema za watu wale, mwingine akaachiwa lawama zao. Lugha ina upendeleo kama mama mkwe.

Turudi kwenye neno letu. Kamusi za leo zinabeba maana zote mbili, asiye mtumwa na mwenye adabu, lakini mtaani imebaki ya pili. Abiria aliyebanwa kwenye daladala ya Mwanga, Kigoma, husema waungwana, nisogezeeni kidogo, na hawazii utumwa hata chembe. Tunasema muungwana ni kitendo kana kwamba ni jambo lililokuwepo siku zote. Kwa wazee wa Lamu ya kale methali hiyo ingekuwa nusu tu ya ukweli. Pwani nayo ilijali mwenendo, ndiyo maana kuna methali inayosema muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini mwenendo ulikuwa wajibu wa aliyezaliwa muungwana. Haukuwa njia ya kuupata uungwana kwa asiyezaliwa nao. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha 1995 juu ya Pangani na miji jirani ya pwani, ameonyesha kuwa hata huko watumwa walipigania kuingia katika maisha ya mji, katika karamu, ngoma na ibada. Ujiji haukuwa peke yake. Tofauti ni kwamba kule pwani mlango ulikuwa na bawabu, na Ujiji bawabu mwenyewe alikuwa mtumwa aliyevaa kanzu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Maana tunayoitumia leo, ile inayompa uungwana muuza migebuka wa Kibirizi sawasawa na profesa, ina deni kubwa zaidi kwa wapagazi wa njia ya Ujiji kuliko kwa mabwana wa nyumba za mawe. Waliiba neno kutoka kwa waliowamiliki, wakalitumia kwa mema na kwa mabaya, na sisi tukarithi.

Ukifika Ujiji utapelekwa kwenye makumbusho yenye sanamu za Livingstone na Stanley wakivuliana kofia, na karibu yake mnara na miembe. Waongozaji wanaijua vizuri hadithi ya Wazungu hao wawili. Muulize mwongozaji wako akueleze pia habari za Susi aliyetangulia kutoa salamu, na za Bombay aliyefika hapo kabla ya Stanley na akapita tena baada yake. Na wenye mamlaka ya makumbusho yetu wafikirie kibao chenye majina ya hao wawili kwa Kiswahili, kiandikwe waungwana, na kiwekwe pale mgeni anapoingia.